Fremu ya Zamani, Bawaba Nzima

Mama yangu alipiga chafya kwenye pantoni ya Pangani, miwani yake ikaingia mtoni. Ningeweza kuishia hapo kama mama angekuwa mtu wa kununua miwani nyingine.

Alikuwa anavuka kwenda Bweni kumpa pole mtu aliyefiwa. Kamba ya miwani alikuwa ameiacha nyumbani kwa sababu, alisema, ilimfanya aonekane mzee. Ana miaka sabini na tisa. Akainama ukingoni, chafya ikamtoka, chubwi! Akataka pantoni isimame. Pantoni haisimami kwa ajili ya miwani, lakini abiria wote walihamia upande mmoja kutazama maji, mpaka wahudumu wakawapigia kelele watawanyike. Abiria mmoja akasema, "Basi leo mamba wa humu watasoma gazeti." Mama hajamsamehe mtu yule mpaka leo, na wala hamjui, maana wakati huo alikuwa tayari haoni.

Bila miwani mama haoni kabisa. Kwa mbali ni ukungu, kwa karibu ni ukungu mwingine. Mimi ndiye bintiye wa pekee. Naishi Tanga mjini, Usagara, ninafundisha Kiswahili sekondari. Nikamleta mjini akapimwa macho, nikachukua cheti chake, nikamtengenezea miwani mpya. Akaikataa. Ilikuwa ya plastiki isiyo na rangi, akasema anajiona kama yumo ndani ya chupa ya maji. Ya pili ilikuwa ya bluu. Hiyo, alisema, ni ya vijana wanaouza laini za simu barabarani. Ya tatu haikuwa na ukingo, ni vioo vitupu na waya. Aliipapasa, akanirudishia. "Hii haipo," akasema. Ya nne ilikuwa ya duara kubwa, na nilipomvalisha, jirani yake akacheka akasema bundi. Sijui nani alimtuma. Bundi haingii nyumbani kwa mama, hata awe wa plastiki.

Hapo hasira zikanipanda.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka kama ileile."

Ileile ilikuwa fremu ya zamani, nyeusi na nzito juu kwenye nyusi, chini waya mwembamba wa rangi ya dhahabu. Ndiyo miwani waliyoipenda makarani wa mashamba ya mkonge, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa mkonge. Yeye naye alikuwa na ya namna hiyo. Siku zote nilidhani wazee wangu walinunua pamoja, kama watu wanavyogawana doti ya kanga, kila mmoja kipande chake.

Ningemwachia mama ukaidi wake, lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kila Ramadhani mama husoma msahafu wote, juzuu thelathini, kumsomea baba khitma. Amefanya hivyo tangu mwaka baba alipofariki na hajakosa hata mara moja, hata ule mwaka malaria ilipompanda kichwani akawa anawaamkia kuku. Sasa Shaabani ilikuwa inaishia na mama hana macho. Nikamwambia nitamwekea kisomo kwenye simu, asikilize. Akaniuliza, simu ikisoma, thawabu anapata nani, yeye au kampuni ya simu. Nikamwambia basi nitasoma mimi, yeye afuatishe. Akaniuliza kwa adabu kama nimekula. Mama anakijua kisomo changu.

Na lazima niseme habari ya macho yangu mimi, maana watu watasema tu. Macho yangu ni mazima. Ni kweli kwamba siku hizi nasahihisha madaftari nikiwa nimenyoosha mkono, na kwamba mkono wenyewe umeanza kuwa mfupi. Hilo ni tatizo la mkono. Walimu wenzangu wakiniona hunikumbusha ile methali ya nyani na kundule, kana kwamba si mimi ninayeifundisha.

Basi nikaanza kutafuta. Nilipita maduka yote ya miwani ninayoyajua. Kote nilionyeshwa vitu vipya vinavyong'aa, na binti mmoja wa dukani aliniambia kwa huruma kwamba hiyo ninayoitaka huiona kwenye picha za babu yake tu. Jumamosi moja asubuhi nimekaa kwenye kibanda cha chai pale kwetu Usagara, nimechoka, nikauliza kwa sauti bila kumlenga mtu: "Jamani, mji huu mtu atapata wapi fremu ya zamani?"

Kabla sijameza kitumbua, mwanamume mmoja wa makamo, mwenye kofia ya kiua na simu mbili, alikuwa ameshahamia kwenye benchi langu.

"Mwalimu, umefika. Ya zamani kweli, au unasema tu?"

"Ya zamani kweli. Hizi mpya sizitaki, hazina heshima."

"Na hazidumu! Mwaka mmoja, imeshapasuka."

Nikamwona mtu wa maana. "Tena bawaba ziwe nzima," nikamwambia.

"Bawaba zimetiwa mafuta juzi, nikishuhudia mwenyewe."

"Isiwe pana. Uso wake ni mwembamba."

"Uso ni mwembamba, mwalimu, sikufichi. Ni yako mwenyewe?"

"Ya mama yangu."

"Atakaa nayo muda mrefu?"

"Mpaka Mungu atakapomchukua."

"Inshallah. Mwenye mali anapenda mtu wa namna hiyo."

"Na lenzi ninazo tayari," nikasema.

"Leseni unayo!" Akasimama, akaweka kofia sawa. "Mwalimu, wewe ndiye mteja. Wengine wanakuja mikono mitupu, kesho watu wa jiji wanawajia juu. Twende ukaione."

Sikuelewa watu wa jiji wanaingiaje kwenye miwani, lakini siku hizi kila kitu kina kibali chake. Nikamfuata. Tulikwenda kwa miguu kwenye jua la saa nne, yeye mbele akisalimiana na kila mtu na kuwaambia, "Nampeleka mwalimu kwenye fremu," na watu wakinitazama kwa heshima mpya. Tukasimama mbele ya mlango wa mbao wa rangi ya kijani iliyobabuka. Akatoa ufunguo, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Sikiliza," akasema. "Unasikia kitu?"

Sikusikia kitu. Bawaba zilikuwa nzima kabisa.

Kama wewe ni mtu wa huku ulishanicheka zamani. Fremu ni chumba cha duka cha kupanga, na kila mwenye ndoto ya kuuza sukari anatafuta fremu. Najua. Nimejua miaka yote. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa kuwaambia watoto wa watu kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, nikawatolea mfano wa kaa na paa, na sasa nimetembezwa juani na neno la silabi mbili. Nilitaka kumwambia yule bwana ukweli, Mungu shahidi. Lakini alikuwa ameshaingia ndani, anapiga ngumi ukutani kunionyesha uimara, na tayari alikuwa ameshamwita mwanamke wa kibanda cha jirani amsalimie mpangaji mwenziwe. Nikaona aibu ya kunyamaza ni ndogo kuliko aibu ya kusema.

Juu ya mlango palikuwa na maandishi ya mtu aliyekuwamo kabla. Sikuyapata vizuri, kwa sababu ya jua. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaongeza ya tatu na ya nne, nikafika barabarani na bodaboda ikanipigia honi.

"Ndiyo, itazame kwa mbali!" dalali akasema. "Kwa mbali ndiyo inapendeza."

Kwa mbali yakasomeka: FUNDI SAA NA MIWANI. AMEHAMIA BARABARA YA KUMI NA TANO.

"Nitakupa jibu," nikamwambia, nikaondoka nusu mbio.

"Usichelewe, mwalimu! Fremu hii ina wengi!"

Barabara ya Kumi na Tano iko Ngamiani. Fundi nilimkuta chini ya ngazi za ghorofa, nyuma ya meza iliyojaa saa, kila moja ikiwa na wakati wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza kwamba nimezunguka mji mzima.

"Kwa nini hukuanzia hapa?" akasema. "Picha unayo?"

Nikamtolea simu, nikamwonyesha mama akiwa na ile miwani kwenye harusi moja ya jamaa zetu. Akakiweka jichoni kile kikombe chake chenye kioo cha kukuza, akaitazama muda mrefu.

"Sikio la kushoto liko juu kuliko la kulia," akasema.

"Mzee, huyo ni mama yangu!"

"Nimemtukana? Nasema sikio. Mie watu siwakumbuki, nakumbuka masikio. Hili lilinihangaisha siku nzima, kule kwenye fremu yangu ya Usagara."

Nikamuuliza lilimhangaisha vipi. Akaweka simu chini.

"Alikuja ametoka eda, wiki ileile. Kaleta miwani ya kiume. Anataka nitoe vioo, nitie vyake. Nikamwambia, mama, hii ni pana, itakuanguka, nina za kike nzuri. Akasema, ipunguze hiyohiyo. Nikamwambia, itavunjika. Akasema, isivunjike." Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unaona? Hakusema usiivunje. Kasema isivunjike. Anatuamrisha wote wawili, mie na fremu."

Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Baba alifariki miaka kumi na saba iliyopita. Miaka kumi na saba mama ametembea na miwani ya baba usoni, nami nakula naye, nacheka naye, nagombana naye, na ya baba ilikwenda wapi sikuwahi kujiuliza. Niliona haya. Siyo zile za dalali. Hizi zilikuwa za kweli: mama huyo ndiye niliyemletea miwani nne za kuchezea, hata bundi!

"Unayo nyingine kama hiyo?" nikauliza.

Akainua kopo la biskuti kutoka chini ya meza. Ndani fremu zilikuwa zimeng'ang'aniana kama kaa kwenye tenga. Akazichambua kwa kidole, akachomoa mbili, nyeusi juu na dhahabu chini, kila moja bado ina kikaratasi cha kiwandani kilichogeuka njano. "Makarani wamekwisha, hizi zikabaki," akasema.

Nilikuwa na bundi mkobani. Akamng'oa vioo, akavichora kwa kalamu kufuata fremu ya zamani, kisha akaanza kuvisaga ukingo kwenye jiwe lenye maji, anasaga anapima, anasaga anapima, mpaka bundi akaisha akabaki karani. Ile mikono ya miwani aliizika kwenye mchanga wa moto uliokuwa ndani ya karai, juu ya jiko la mkaa, ikalainika. Akaikunja kwa dole gumba, wa kulia hivi, wa kushoto juu kidogo, bila kipimo chochote, kwa kulikumbuka lile sikio tu. Kwenye pua akakwama. Akanivalisha mimi kujaribia, ikakaa sawasawa.

"Pua hii si ya mama yako," akasema.

"Ya baba."

"Basi haitufai." Akanivua, akabana vile vibao viwili vinavyokaa puani. Alipomaliza akanisogezea na ile fremu ya pili. "Chukua na hii. Utaihitaji."

"Mimi macho yangu mazima, mzee."

"Picha umeitafuta kwenye simu ukiwa umenyoosha mkono mpaka kule kwenye ngazi."

Nikaanza kumweleza habari ya mkono, nikaacha katikati. Ya pili sikuichukua.

Magharibi mama akanipigia simu. Nilikuwa sijui kwamba mke wa dalali ni mtu wa Pangani.

"Nasikia umepata fremu, mwanangu."

"Nimepata, mama. Ya zamani, kama ulivyotaka."

"Kama nilivyotaka mie?" Akafikiri. "Haya. Kubwa?"

"Saizi yako kabisa."

Akacheka. "Basi nami nitakaa humo?"

"Utakaa nayo, mama. Kesho nakuletea."

"Unaniletea!" akasema, na simu ikakatika, nami nikalala kwa raha.

Kesho yake nilimkuta amekaa mkekani barazani pamoja na yule jirani wa bundi. Mbele yao palikuwa na chetezo chenye makaa tayari, kikaratasi cha ubani na ufagio mpya. Jirani akaniuliza kama nitauza na vitenge au madira tu. Ndipo nilipoelewa, na ilinibidi niwasimulie kisa chote tangu kitumbua mpaka bodaboda. Jirani alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mama hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Basi nipe hiyo fremu yako isiyo na mlango."

Akaipapasa juu, akaipapasa chini, akapitisha kidole kwenye bawaba, taratibu, kama anayechambua mchele.

"Siyo yake," akasema.

Hakusema siyo yangu.

"Najua, mama. Fundi kaniambia."

"Yule fundi ana mdomo."

"Nisamehe. Sikuwahi kuuliza."

"Ungeuliza ningekwambia n'nini? Ningekwambia ni yangu. Njoo hapa."

Nikasogea. Nilidhani anataka nimvalishe, kumbe yeye ndiye alinivalisha mimi. Vidole vyake vilipita puani kwangu, vikapita kwenye masikio, akaiweka sawa, akarudi nyuma kidogo akanikazia macho, anamtafuta baba kwenye pua yangu. Nami nikamwona. Nilimwona mama yangu kila mkunjo, kila nywele ya nyusi, vizuri kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi. Hilo sikumwambia mtu.

"Sioni," mama akasema.

Akanivua, akaivaa mwenyewe. Hapo akaniona. "Umezeeka, mwanangu," akasema, "lakini sasa hunayo." Akanivalisha tena, haraka, kama mtu anayewahi kitu kabla hakijaondoka. Haoni. Akaivaa yeye. Mimi sina. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu jirani alikuwa amelala mkekani ameshika mbavu, na mama mwenyewe akacheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. Mimi nilicheka na nililia, vyote viwili, wala sikujificha.

Ubani haukuharibika. Mama aliutia kwenye makaa akaifukiza miwani, kushoto na kulia, kama duka kweli. Kisha akatawadha, akaufungua msahafu wake, akasoma ukurasa mzima bila kusita popote. Zilikuwa zimebaki siku nne Ramadhani iingie. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ile chafya. Mwisho wa ukurasa akaweka kidole pale alipofika, akanitazama.

"Kwa fundi zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Kaifuate ya pili."

"Mama, mimi macho yangu mazima."

"Nani kasema uone weye? Weye vaa tu, nataka kuona mie."

Jumatatu, vipindi vilipokwisha, nikashika njia ya kwenda Barabara ya Kumi na Tano. Pale kwenye kibanda cha chai dalali akanirukia. Akasema amesikia fremu nimepata kwingine, hana kinyongo, riziki ni ya Mungu, lakini mbona nina haraka? Nikamwambia ile ya kwanza haikutosha, nakwenda kuchukua ya pili. Akapiga kofi kwa furaha, akawaambia watu wote wa kibandani kwamba si aliwaambia. Akaniuliza, mama anauza nini humo? Nikamwambia hauzi kitu, anakaa tu na baba. Akasema hizo biashara za mume na mke ndizo zinazodumu.